Nilivyosaidia Kuuza Kliniki ya Mesquite

Nilikuwa nauza vifaa vya meno. Nikisema hivyo kwenye sherehe za Watanzania wa hapa Dallas, watu hucheka kidogo, halafu mmoja huuliza kama nauza meno ya bandia. Hapana. Niliuza vile vitu ambavyo mgonjwa havioni, au akiviona havikumbuki: glavu, sindano za ganzi, pamba, vikombe vya kusukutulia, dawa ya kuzibia matundu, mifuko ya kufungia vyombo vilivyochemshwa. Daktari anaweza kuwa na mikono ya ajabu, lakini ganzi ikimwishia saa nne asubuhi, kliniki imesimama. Aliyehakikisha haimwishii nilikuwa mimi.

Nilianzia ghalani, Grand Prairie, nikipakia maboksi. Baada ya miaka mitatu mmoja wa wauzaji aliacha kazi ghafla, na wateja wake wakagawanywa. Wakubwa walichukua kliniki kubwa. Zilizobaki, zile ndogo za upande wa mashariki ambazo hakuna aliyezitaka, nilipewa mimi. Nikanunua mashati mawili yenye kola, nikatupa maboksi ya sampuli kwenye buti ya gari, nikaanza kuzunguka.

Hivyo ndivyo nilivyokutana na yule daktari. Alikuwa Mkenya, mama wa umri wa dada yangu mkubwa, mwenye kliniki ya viti vitatu Mesquite, katikati ya duka la matairi na saluni ya kucha. Siku ya kwanza nilisimama mapokezi na katalogi yangu, nikizungumza Kiingereza changu cha kazini, kile cha kunyoosha mgongo. Yeye akatokea korido amebeba sinia la vyombo, likamponyoka, vikatawanyika sakafuni kwa kelele.

"Pole!" nikasema, kabla sijafikiri.

Akaniangalia juu ya barakoa. "Wewe ni wa wapi?"

"Tabora."

"Mtu wa Tabora! Na ulikuwa unataka kuniuzia glavu kwa Kiingereza?"

Tuliokota vyombo pamoja, yeye akicheka. Siku hiyo hakununua kitu. Wiki iliyofuata alinunua kidogo, na baada ya mwaka alikuwa ananunua kila kitu kwangu.

Historia yake aliniambia kwa vipande, kati ya mgonjwa na mgonjwa. Nakuru alikuwa daktari wa meno kwa miaka kumi. Alipokuja Marekani na mumewe aliambiwa shahada yake haimruhusu hata kusafisha meno. Akafanya kazi ya kuogesha wazee kwenye nyumba ya kulelea huku akijiandaa kwa mitihani, akarudi chuoni kusoma upya alichokwisha kuwafundisha wengine, akikaa darasani na vijana waliokuwa wakimwita "ma'am". Mumewe alifariki mwaka yeye alipomaliza masomo. Alifanya kazi kwenye kliniki za watu, akajinyima, mpaka akafungua yake. Kila aliponisimulia hakutia chumvi. Alisimulia kama mtu anayekuelekeza njia.

Alikuwa na msaidizi mmoja aliyekaa naye tangu mwanzo, mama wa Kikongo kutoka Bukavu, aliyeshughulikia chumba cha kuchemshia vyombo. Mama huyo alikuwa ananiita papa, yaani baba, kwa heshima ya kwao, ingawa nilikuwa mdogo kwake. Wagonjwa walikuwa watu wa maghala ya jirani, wapishi, wauguzi wetu wa Kiafrika, wazee wa Kimeksiko. Daktari aliongea na kila mmoja. Alijua nani mtoto wake amefungwa, nani amepata makaratasi ya kuishi nchini. Kumng'oa mtu jino kulimchukua dakika kumi, na kumwandaa mtu huyo asiogope kulimchukua ishirini.

Na mimi nilikuwa na kabati lake. Lilikuwa nyuma, karibu na choo, na siku ya kwanza nilipolifungua nilikuta dawa zilizopitwa na muda zimejificha nyuma ya mpya. Nikamwomba ruhusa, nikalipanga Jumamosi nzima: kinachoisha muda mapema mbele, kinachochelewa nyuma, kila rafu na karatasi yake. Tangu hapo sikuhitaji kumuuliza anataka nini. Nilifungua kabati, nikatazama, nikaandika oda. Sijui kama kuna siku nimejiona mtu wa maana zaidi Marekani kuliko nikiwa nimechuchumaa mbele ya lile kabati.

Mambo yalibadilika polepole, halafu yakabadilika yote kwa mara moja. Kwanza wasichana wa mapokezi wa kliniki mbalimbali walianza kuagiza kwa simu, kutoka kwenye tovuti, na boksi likafika kesho yake bila mtu kama mimi kuingia mlangoni. Kisha kliniki za wateja wangu zikaanza kununuliwa na kampuni kubwa. Nilikuwa naenda kliniki niliyoizoea, nakuta jina jipya kwenye kioo, sare mpya, na msichana ananiambia kwa upole kwamba oda zote sasa zinatoka makao makuu. Daktari yumo ndani, namwona kwa mbali, ananipungia mkono. Lakini hana tena mamlaka ya kununua hata boksi la pamba. Mwaka mmoja nilipoteza kliniki sita kwa namna hiyo.

Halafu na sisi tukanunuliwa. Kampuni yetu ya Grand Prairie ilichukuliwa na kampuni kubwa ya Houston, nasi tukaitwa huko kwa mkutano. Bosi mpya alikuwa kijana mchangamfu, mwenye viatu vyeupe. Alituambia kwamba muuzaji wa glavu amekufa. Alisema hivyo hivyo, akatabasamu. Kuanzia siku hiyo tungekuwa washauri wa uendeshaji wa kliniki. Tungeuza programu ya kompyuta inayopanga ratiba, kupima muda wa kila mgonjwa, kuonyesha kiti kipi kimekaa bure na daktari yupi anachelewa. Glavu zingefuata zenyewe.

Kulikuwa na jambo lingine. Kila baada ya kumtembelea daktari tulitakiwa kuandika maelezo kwenye simu: ana hali gani, anazungumza nini, familia yake ikoje. Bosi alisema ni kwa ajili ya kujenga uhusiano. Mimi nilifurahi. Nina kumbukumbu mbovu ya mambo ya watu, na nilitaka nikirudi nimuulize mtu juu ya mgonjwa wake au safari yake. Kwa hiyo niliandika kwa bidii, pengine kuliko wote. Juu ya yule daktari niliandika kwamba mgongo unamsumbua tangu Pasaka. Kwamba binti yake anasoma Austin na hataki kabisa habari za udaktari. Kwamba siku moja alikaa kwenye kiti cha wagonjwa, akafumba macho, akasema, "Nimechoka, kaka. Sijui nitafanya hii kazi mpaka lini."

Niliandika ili nisisahau kumuuliza kuhusu mgongo.

Programu yenyewe hakuitaka. Nilimweleza mara tatu na mara tatu alikataa. Lakini ng'ambo ya barabara ilifunguliwa kliniki ya moja ya zile kampuni kubwa, yenye viti kumi na viwili, wazi hadi Jumapili, na wagonjwa wapya wa daktari wakaanza kupungua. Mara ya nne aliniketisha ofisini kwake.

"Hii kitu yako itanisaidia kweli?"

"Itakusaidia, daktari. Utaona pale muda unapopotea."

"Na habari za wagonjwa wangu, na za kliniki, zinaenda wapi?"

"Haziendi popote. Ni zako."

Mkataba ulikuwa na kurasa nyingi. Sikuwa nimezisoma. Nilisema haziendi popote kwa sababu ndivyo nilivyoambiwa kwenye mafunzo, na kwa sababu alikuwa ananitazama akingoja nimwambie neno hilo. Akasaini.

Baada ya miezi miwili nilimkuta amesimama mbele ya kompyuta, mikono kiunoni. Jina lake lilikuwa limetiwa rangi nyekundu.

"Hii mashine yako imeniambia mimi ni mvivu," akasema. "Inasema naongea sana na wagonjwa."

"Haisemi hivyo, daktari. Inaonyesha muda tu."

"Si ndiyo hiyo hiyo."

Alijaribu kuongea kidogo. Nilimwona akijaribu. Alikuwa akiingia chumbani, anatazama saa ya ukutani, anaanza kumuuliza mzee habari ya nyumbani, halafu anajikata katikati ya sentensi. Rangi ikawa ya njano. Wagonjwa hawakuongezeka.

Nikaitwa Houston tena. Safari hii tulikuwa watu sita tu chumbani, pamoja na mgeni ambaye hatukuwahi kumwona, mwanamke kutoka kampuni inayonunua kliniki, washirika wapya wa kampuni yetu. Bosi akawasha skrini ya ukutani. Palikuwa na orodha ya miji ya mashariki ya Dallas, na chini ya kila mji kliniki zake: idadi ya viti, mwenendo wa wagonjwa, umri wa mmiliki. Nikatafuta Mesquite kwa macho. Nikaona kliniki yake, na mbele yake alama ya kijani, na mbele ya alama maneno: mmiliki ana maumivu ya mgongo, hana mrithi katika taaluma, ametamka mwenyewe kwamba amechoka.

Ni maneno yangu. Yalikuwa yamefupishwa, lakini niliyatambua kama mtu anavyotambua mwandiko wake.

Yule mwanamke akasema kliniki za namna hiyo ndizo hukubali haraka. Bosi akanigeukia, akaniwekea mkono begani mbele ya wote. "Huyu hapa ndiye mtu ambaye daktari wa Mesquite anamwamini," akasema. Watu wakaitikia kwa vichwa, kwa heshima. Sikumbuki nilisema nini. Nadhani niliitikia kwa kichwa pia.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikusema kitu. Wakati ule, kama sasa, mke wangu alikuwa anasomea uuguzi, bima ya afya ya nyumba nzima ilitoka kwenye kazi yangu, na mtoto wetu wa pili ana pumu. Hiyo ni kweli, na nimeitumia sana kujitetea. Lakini kuna ukweli mwingine: nilipenda kuitwa yule anayeaminiwa. Mtu aliyetoka kupakia maboksi, leo bosi wa Houston anamwekea mkono begani. Nilirudi Dallas peke yangu kwenye gari, na kwa saa nzima ya kwanza nilijisikia vizuri.

Wanunuzi walimpigia simu wiki ileile. Akanipigia mimi kabla hajawajibu. Nikamwambia si vibaya kuwasikiliza. Wakamtembelea, wakamsifu, wakamwambia ataendelea kuwa daktari wa kliniki yake, wafanyakazi wake watabaki, yeye ataondolewa tu mzigo wa makaratasi. Alipotakiwa kwenda Houston kusaini, mgongo ulikuwa umemkamata vibaya, hawezi kuendesha gari masaa manne. Akaniomba nimpeleke.

Tuliondoka asubuhi ya Alhamisi. Alikuja na chupa ya chai na mto wa kuegemeza mgongo. Alivaa gauni la kitenge na koti juu yake, kama mtu anayekwenda harusini. Mpaka Corsicana alizungumza habari za binti yake tu, jinsi anavyomwandikia ujumbe kwa Kiswahili na kujibiwa kwa Kiingereza. Malori yalikuwa yanatupita.

"Kaka."

"Naam, daktari."

"Wewe ungekuwa mimi, ungeuza?"

Nilishika usukani kwa mikono miwili. Nilikuwa na nafasi. Ningeweza kusimama pale kwenye kituo cha mafuta, nikamwambia kila kitu, tukageuza gari. Angenikasirikia siku mbili, pengine.

"Ningeuza," nikasema. "Ungepumzika."

Akanimiminia chai kwenye kifuniko, akanipa. Tulipopita Huntsville akauliza tena, safari hii bila kunitazama, anaangalia miti.

"Kuna kitu unajua na hujaniambia?"

"Hakuna."

"Sawa. Mimi hawa watu siwajui. Wewe ndiye nakujua."

Pale ofisini walimpokea na maua. Alisaini akiwa amesimama kwa sababu kukaa kulimuuma. Mimi nilikaa kwenye kochi la mapokezi na mto wake magotini. Tulirudi jioni, na nilipomfikisha nyumbani kwake alinishukuru, akaniwekea mkononi mfuko wa mandazi aliyowakaangia wanangu.

Kilichofuata hakikuzidi mwaka. Wiki ya kwanza walibadilisha kibao cha nje. Wiki ya tatu walikuja vijana wawili na magari ya kusukuma, wakalifungua lile kabati la nyuma, wakatia kila kitu kwenye mapipa ya plastiki, dawa nzuri na mbaya pamoja, kwa sababu kampuni yao hutumia chapa zake. Daktari alinipigia simu wakiwa bado pale. "Wanatupa, kaka. Hata ile dawa ya kuzibia uliyonitafutia, wanatupa." Nikamwambia nitaulizia. Sikuulizia. Kliniki ilikuwa imetoka kwenye orodha yangu, na tuliokuwa washauri tulikatazwa kuingia kwenye kliniki zilizokwisha kununuliwa.

Kwa hiyo mengine niliyasikia kwake kwa simu, au kwa yule mama wa Bukavu. Dawa ya kuzibia waliyoletewa ilikuwa haikauki vizuri mikononi mwake. Aliomba ile ya zamani, akajibiwa kwamba haimo kwenye orodha. Aliwekewa malengo ya siku: wagonjwa wangapi, kofia za meno ngapi. Mtu mwenye tundu dogo alitakiwa ashauriwe kuvishwa jino zima kofia. Yeye aliziba tundu, akamwambia mgonjwa aende nyumbani. Kila Ijumaa aliitwa kwenye kikao cha video, na kijana wa Houston alimwonyesha jedwali.

Mama wa Bukavu aliondolewa mwezi wa nne. Nilikutana naye kwenye duka la vyakula vya Kiafrika, Irving, anachagua ndizi. Nilimsalimu, akanishika mkono na hakuuachia.

"Banasema kazi yangu imeisha, papa. Karatasi tu. Hata mtu mmoja hakunitazama mu macho."

"Na daktari alisema nini?"

"Daktari alilia. Alisema, mimi siko tena mukubwa hapa. Sasa papa, kama yeye si mukubwa, mukubwa ni nani?"

Nilijitolea kumbebea mfuko hadi kwenye gari. Hakuwa na gari. Alikuwa amekuja kwa treni. Nikamrudisha nyumbani, na njia nzima alinishukuru kwa wema wangu.

Mkataba wa kazi wa daktari ulipofika mwisho wa mwaka hawakuuongeza. Na karatasi aliyosaini Houston ilimzuia kufungua kliniki nyingine popote karibu na Mesquite kwa miaka kadhaa. Wagonjwa wake walimtafuta, wakaambiwa daktari amestaafu. Hakuwa amestaafu. Alihamia Houston, akapanga chumba kwa mama mmoja Mkenya, akawa daktari wa kushikia nafasi: leo kliniki hii, kesho ile, popote ambapo daktari mwenyewe ni mgonjwa au yuko likizo. Kwa mgongo ule. Hakuna kliniki aliyokaa muda wa kutosha kujua jina la mgonjwa.

Mimi, wakati huohuo, nilipandishwa cheo. Sikupigania, walinipa tu. Nikawa ninafundisha washauri wapya. Siku moja, huko Houston, bosi alikuja darasani kwangu na ukurasa aliosema ni mfano bora wa maelezo ya kumtembelea mteja. Alikuwa ameondoa jina na mji. Akausoma kwa sauti: maumivu ya mgongo, binti asiyetaka udaktari, na ile sentensi ya uchovu, neno kwa neno kama nilivyoitafsiri kwa Kiingereza siku ile. "Mnaona?" akawaambia vijana. "Mteja hakusema anataka kuuza. Mshauri ndiye aliyesikia." Vijana wakaandika. Msichana mmoja akainua mkono, akauliza kama kliniki hiyo iliuzwa. Bosi akanigeukia ili nijibu mimi.

"Ndiyo," nikasema. "Iliuzwa."

Tangu siku hiyo nilikuwa naacha chakula nusu mezani. Mke wangu alinitazama wiki nzima, halafu akaniuliza, nami nikamweleza yote kwa mara ya kwanza. Alisikiliza akikunja nguo za watoto. Alipomaliza shati la mwisho akasema, "Mwambie. Si kwa ajili yako wewe kupumua. Kwa sababu ni mambo yake."

Nilimwona daktari miezi miwili baadaye. Kulikuwa na ibada ya kumuaga muuguzi mmoja Mkenya aliyefariki, kanisani Grand Prairie, Jumamosi mchana, na yeye alikuwa ametoka Houston kuja kuzika rafiki. Alikuwa amepungua. Alikuwa anatembea kwa kuegemea upande mmoja. Aliponiona alifurahi kweli, akaniita mtu wa Tabora mbele ya watu, akauliza kifua cha mtoto. Baada ya chakula nilimwomba tutoke. Tulisimama kati ya magari, jua kali, bado ameshika sahani ya karatasi.

Nikamwambia. Maelezo niliyoandika, ile orodha ukutani, alama ya kijani, na kwamba nilikwisha kuiona kabla ya siku niliyompeleka. Nilisema kwa haraka, nikitazama vibao vya namba za magari. Nilipomaliza alikuwa hajasogea.

"Ile ya kuchoka," akasema. "Ile niliongea nikiwa nimekaa kwa kiti. Hakukuwa na mtu."

"Nilikuwepo mimi."

"Ndiyo. Nilisema kwa sababu ilikuwa wewe."

Nikamwambia nisamehe, dada. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita dada. Miaka yote nilimwita daktari. Alilisikia neno hilo, nikaona limemchoma, kana kwamba nimechukua kitu kingine tena bila kuomba.

"Nilikuuliza ndani ya gari," akasema. "Nilikuuliza mara mbili."

"Najua."

"Watu wengi wamenidanganya hii nchi. Siwezi hata kuwahesabu. Lakini hao sikuwauliza." Akatafuta pa kutupa sahani, hakupaona, akaikunja na kuishika. "Sina maneno mabaya ya kukuambia. Wacha nirudi ndani, wanaanza kuimba."

Akaondoka kwa ule mwendo wake wa kuegemea. Nilisubiri labda atageuka. Hakugeuka. Nilikaa kwenye gari mpaka mke wangu na watoto walipotoka, tukaenda nyumbani.

Nilimpigia mara nne baada ya hapo. Mara moja alipokea, akanisalimu vizuri, akauliza familia, akasema yuko kazini. Sauti ilikuwa ile anayotumia mtu kumjibu wakala wa bima. Siku hizi simu inaita tu. Nasikia kwa watu kwamba daktari wa mgongo amemwambia aache kusimama, na kwamba anafikiria kurudi Nakuru, ambako nako leseni yake ya zamani imekufa na itabidi aanze kuomba upya.

Nimetafuta kazi nyingine. Nimeomba uwanja wa ndege, nimeomba hospitali, nimeomba kampuni mbili za vifaa vya macho, ambazo nazo zinatafuta washauri. Mke wangu atamaliza masomo mwakani, na tunasema mwakani mambo yatakuwa tofauti. Tulisema hivyo mwaka jana pia. Kila Jumatatu nateremka Houston kufundisha. Huko njiani siwashi redio. Darasa la sasa lina vijana wanane, wapole, wengi wao wahamiaji kama mimi, na wana haraka ya kujifunza. Huwa nawaeleza namna ya kuingia kwenye kliniki, namna ya kungoja mpaka mgonjwa atoke, namna ya kumwacha daktari azungumze bila kumkatiza. Wananisikiliza vizuri sana.